Maji Niliyomfungulia Mdogo Wangu

Tulipomzika mama mwezi uliopita, ardhi ilikuwa ngumu, na vijana waliochimba kaburi waliomba ndoo mbili za maji ili sururu iweze kuingia. Maji yalipomwagwa, ikapanda ile harufu ya udongo mkavu uliolowa ghafla. Niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Watu walidhani nimezidiwa na kilio. Haikuwa hivyo. Harufu ile ilinirudisha kwenye jambo ambalo mama na mimi hatukulizungumza tena tangu nilipokuwa na miaka minane, na mwenzangu wa kulijua sasa alikuwa ndani ya sanduku. Nimeona niliandike. Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma madarasa manne tu, kisha nikaitwa nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kutoka msituni, ukateremka mteremko wote ukigawa maji kwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba yake. Wakati ule wa Mwingereza hatukuwa na bomba. Maji ya mfongo ndiyo yaliyonywesha migomba, kahawa, maharage, ng'ombe na sisi wenyewe. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na kwenye mpaka wa kila kihamba kulikuwa na mlango wa maji: kipande cha gogo la mgomba, mawe, na mabonge ya udongo yenye nyasi zake. Zamu yako ikifika, mlango unafunguliwa, maji yanaingia kwako. Zamu ikiisha, unazibwa, maji yanakwenda kwa jirani wa chini. Kufungua na kuziba ilikuwa kazi ya wanaume. Sisi wanawake tulichota tu. Tuliambiwa kwamba mwanamke akiugusa mlango wa mfongo, maji hukasirika na kurudi mlimani, na hapakuwa na mtu aliyetaka kujaribu aone.

Mama hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka Kilema, kwa Wakatoliki, akaolewa kwetu kwa Walutheri, na mwanzoni bibi, mama yake baba, hakupendezwa. Kilichomfanya azoeleke ni sauti. Mama alikuwa akitunga nyimbo zake mwenyewe. Akikata majani aliimba, akipalilia aliimba, na watu wa vihamba vya jirani walijua yuko upande gani bila kumwona. Wimbo niliouzoea zaidi ni ule aliouimba akipanda watoto wa migomba. Baba alichimba shimo, mama akatia samadi, akamsimamisha yule mtoto wa mgomba na kumfukia, kisha baba akaenda kufungulia maji. Mama hakuondoka. Alikaa pale kando ya shimo akaimba mpaka maji yafike. Aliimba kwa Kichagga, na nikiugeuza kwa Kiswahili unapoteza nusu ya utamu wake, lakini ulikuwa hivi:

Lala chini, mwana wa mgomba,
usiogope giza, ni udongo tu.
Maji yametoka msituni, yako njiani,
yanauliza nyumba kwa nyumba, umelala wapi.
Yakikugusa mguu, utainuka.

Na kweli aliinuka. Baada ya wiki chache jani la kwanza lilichomoza limejiviringisha kama mkeka mdogo, kisha likafunguka. Niliona jambo hilo mara nyingi tangu nilipoanza kutembea. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: unafukia, unaimba, maji yanakuja, kilichofukiwa kinainuka.

Mwaka huo mama alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa bado amekaa ndani kama ilivyokuwa desturi, haendi shambani, bibi anampikia mtori wa ndizi na kumletea maziwa asubuhi na jioni, mtoto alipoanza kuchemka mwili. Siku ya tatu akafa. Alikuwa hajabatizwa. Baba alikuwa akingoja Jumapili ya ubatizo, na kule Kilema, mama alisema mara moja tu, mtoto asingengojeshwa Jumapili. Baada ya maneno hayo hakusema tena.

Kwa kuwa hakuwa amebatizwa, hakupelekwa kwenye makaburi ya kanisa. Baba alimzika kihambani, upande wa chini wa nyumba, kati ya migomba. Mwinjilisti alikuja kwa hiari yake akaomba, akasema mtoto huyu atafufuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na baba. Nilimwona akifukia kwa jembe lile lile la migomba, kisha akashindilia udongo kwa unyayo, taratibu, vile vile alivyoshindilia siku zote. Sikulia. Nilielewa kilichofanyika, au nilidhani nimeelewa. Mdogo wangu alikuwa amepandwa. Zilibaki shughuli mbili, wimbo na maji, na nilishangaa kwa nini watu wazima wanaondoka kabla ya kuzimaliza.

Siku zilipita bila mtu kuzimaliza. Mama alikaa ndani karibu na moto, macho kwenye majivu. Mtori uliganda kwenye bakuli mpaka ukafanya ngozi juu. Maziwa yalimtoka yakalowesha kanga, harufu yake ikawa chachu, na hakujali. Bibi alimshika kidevu akamlisha kwa kijiko kama mtoto, na uji ukatoka pembeni mwa mdomo. Baba aliingia, akasimama, akatoka. Nje kulikuwa na kiangazi kibaya. Mvua za vuli zilikuwa zimeshindwa, maji ya mfongo yalikuwa yamepungua mpaka ungeweza kuyavuka bila kulowa kifundo, na zamu ambazo zamani zilikuwa siku nzima sasa ziliisha kabla jua halijafika katikati.

Siku moja nilikuwa nikitoa samadi upande wa ng'ombe, nikamsikia bibi akizungumza na shangazi nje ya mlango. Bibi alisema amemtunza yule mwanamke kama yai, na sasa anataka kumfia mikononi ili watu wa Kilema waseme ameuawa. Alisema ametuma neno kwa kaka yake mama. Angekuja Jumamosi kumchukua.

"Na akipona huko atarudi?" shangazi aliuliza.

"Mtu aliyenyamaza hivi harudi," bibi alisema. "Wala sidhani atapona."

"Na Manka?"

"Manka ni wa hapa. Haendi popote."

Manka ni mimi. Nilibaki nimeshika samadi mkononi. Niliuliza kesho yake, kama mtu asiye na haja, zamu yetu ya maji ni lini. Baba alisema Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hesabu haikuhitaji shule: Jumatatu mama angekuwa ameshakwenda.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama Eliamani, jirani wa chini yetu. Alikuwa mjane, mwenye maneno makali, na maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akimfungulia maji. Maji ya kwenda kwake yalipita mbele ya mlango wetu asubuhi yote. Baba aliondoka mapema kwenda mjini Moshi, bibi na shangazi wakashuka kukata majani. Nikabaki na mama ndani, amegeukia ukuta.

Nilipanda mpaka kwenye mlango wa mfongo. Maji yalikuwa yakipita pale membamba, ya baridi, yana rangi ya majani ya msituni. Nilikumbuka yale waliyosema kuhusu mwanamke na mlango. Nilijiambia kwamba mimi si mwanamke bado. Nikayaomba maji yasirudi mlimani, nikaahidi kuyaruhusu yaende kwa Mama Eliamani mara tu mdogo wangu atakapoamka. Nikaanza kung'oa mabonge. Yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani, nilivunja ukucha. Nilipolitoa gogo la mgomba, maji yaligeuka yote kwa pamoja, yakaniangukia miguuni na kuingia kwetu. Gogo lile nikalitumbukiza upande wa chini ili yasipungue, jambo nililomwona baba akilifanya.

Nikakimbia mbele ya maji. Mfereji wetu wa ndani ulikuwa mkavu umepasuka, na maji yalikuja nyuma yangu yakisukuma majani makavu na vumbi, yananguruma kidogo. Kaburi halikuwa kwenye njia yake. Nilikuwa nimeshachimba kijia kwa mikono jana yake, nikakifunika kwa majani ya mgomba. Nikayaondoa. Maji yakaingia.

Niliimba. Sikuwa na sauti ya mama, lakini maneno niliyajua yote. Maji yakazunguka lile tuta dogo, udongo ukayanywa. Ndipo nilipoona mapovu. Yalitoka kwenye udongo moja moja, kisha mengi pamoja, yanapasuka kwa sauti ndogo. Sasa najua kwamba udongo mkavu ukilowa hutoa hewa. Siku ile nilijua kitu kingine: alikuwa anapumua. Nilipiga magoti nikaimba kwa nguvu zaidi. Nilimwambia maji yanamsogelea mguu, asiogope, mama yuko ndani anamngoja.

Upande mmoja wa tuta ukadidimia.

Haukudidimia sana. Ulishuka kama mkate unavyoshuka ukifunguliwa kabla ya kuiva, kisha ukapasuka, na maji yaliyokuwa yamezunguka yakaanza kuingia kwenye ule ufa yakitoka na udongo mwekundu upande wa pili. Nilijaribu kuuziba kwa kiganja. Ukatoka kati ya vidole. Nikaelewa, katika nafasi ya kupumua mara moja, kwamba hainuki mtu hapa. Nilikuwa ninamchimbua. Maji yangemtoa, yangemchukua na kumteremsha kihamba kwa kihamba mpaka kwenye tambarare. Nikaita, "Mama." Sikuita kwa sauti ya kilio. Niliita kama mtu anayeungua.

Sijui alifikaje. Nilimwona tayari yuko pale, kanga imefunguka kifuani, nywele zimesimama, miguu yake myembamba kama ya korongo. Aliangalia tuta, akaangalia maji. Hakunigusa wala kuniuliza. Alivua kanga aliyokuwa amejifunga juu akaisukumiza kwenye ufa, akachukua mikono yangu miwili akaiweka juu yake, na kusema, "Shikilia hapo. Usiache hata nikichelewa." Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu msiba. Kisha akapanda mbio kuelekea kwenye mlango wa mfongo.

Nilishikilia. Maji yalinifika mapajani nikiwa nimepiga magoti. Nikasikia mtu anapanda kutoka chini, anazungumza peke yake kwa hasira, na nikaijua sauti. Alikuwa Mama Eliamani. Alikuwa ameufuata mfereji wake uliokauka hatua kwa hatua mpaka kwetu.

"Ninyi mmehamia Mabogini?" alikuwa akisema kabla hajaniona. "Mmeanza kulima mpunga? Niambieni basi nije na jahazi, maana maharage yangu yanakufa kwa kiu na hapa bata wanaweza kuogelea."

Akatokeza kati ya migomba, jembe begani. Akaniona. Akaona kilichokuwa chini ya mikono yangu. Kila mtu pale kwetu alijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa na wawili kihambani kwake, chini ya migomba, waliokufa kabla ya kutembea. Alishusha jembe polepole. Alipiga jembe mara tatu nne, akakata njia ya maji upande wa juu, maji yakageuka yakaingia kwenye kahawa. Kisha akainama akaweka mikono yake mikubwa juu ya yangu.

Mama aliporudi alikuwa na matope mpaka kifuani. Alikuwa amelitoa lile gogo upande wa chini na kuuziba mlango wetu upya kwa mikono yake. Mama Eliamani alimtazama, akaelewa alikotoka na alichogusa.

"Yanakwenda kwako sasa," mama alisema. "Nisamehe, mwenzangu."

"Maharage yatangoja," alisema Mama Eliamani. "Lete udongo mkavu."

Tulifanya kazi sisi watatu mpaka jua likatuchoma shingo. Mama alikusanya udongo kwa ungo, mwenzake akashindilia, mimi nikaleta mawe. Hakuna kilichokuwa kimeonekana. Ule udongo ulikuwa umeondoka juu juu tu. Lakini mama, ambaye hakuwapo siku ya kuzika, alikuwa anazika sasa, na katikati ya kazi alianza kulia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Mama Eliamani hakumnyamazisha. Alianza kuimba ule wimbo wa migomba, ambao alikuwa ameusikia kupitia mpakani miaka yote. Aliuimba vibaya. Sauti yake ilikuwa kama mlango mbovu na aliuvuruga mahali pa kupanda na kushuka.

Mama aliendelea kulia, kisha akasema, "Sivyo. Hapo sauti inashuka."

"Inashuka wapi? Mimi ndivyo ninavyousikia."

"Unausikia ukiwa mbali. Sikiliza."

Akaimba. Mwanzo ilikuwa kama anasoma tu. Alipita kwenye giza la udongo, akapita kwenye maji yaliyotoka msituni. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akasimama, maana sote watatu tulijua unasemaje na hapakuwa na mtu pale aliyeweza kuvumilia kuusikia. Alishika udongo mkononi akautazama. Juu yetu mgomba mmoja uliozaa ulikuwa umeinama na mkungu wake, na mizizini kwake watoto watatu walikuwa wamesimama wamelowa. Mama aliwaangalia kwa muda mrefu. Akarudia ule mstari kwa maneno mengine:

Yakikugusa mguu, usipoinuka wewe,
nitainuka mimi.

Aliuimba mara moja. Mama Eliamani aliitikia, vibaya kama kwanza.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Shemeji yake Mama Eliamani alikuwa ameona mlango umezibwa kwa mkono usio wa mwanamume. Aliona alama za vidole. Alasiri ile mzee wa mfongo alikuja na wenzake watatu, wakakaa uani. Baba alikuwa amerudi. Bibi hakukaa, maana adhabu aliijua: kihamba kilichoiba maji wakati wa kiangazi kingeweza kunyimwa maji mpaka mvua za masika, na kihamba ambacho mwanamke wake amegusa mlango kilikuwa kibaya zaidi. Mzee aliuliza ni nani. Nilifungua mdomo. Mama, ambaye alikuwa amekaa mlangoni, alinyoosha mkono bila kugeuka akanishika kifundo cha mguu, kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Akasimama. Alikwenda mpakani akachuma jani la sale, lile ambalo ukiliinua mbele ya uliyemkosea hawezi kukukatalia, akarudi nalo limelazwa juu ya viganja viwili.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Maji yaliingia kwetu. Na ule mlango niliushika mimi, kwa mikono hii."

Mzee alimgeukia Mama Eliamani, aliyekuwa amesimama pembeni, akamuuliza kama ni kweli.

"Nilimwona mimi," alisema. "Alikuwa na matope yake mpaka kifuani. Na mwenye maji yaliyopotea ni mimi, na mimi sidai kitu."

Nilimwona akimtazama mama, si jani. Akalichukua jani. Alisema tutakosa zamu moja, ile ya Jumatatu, na tutapeleka mtungi wa pombe ya mbege kwa watu watakaousafisha mfongo, na jambo lisirudiwe.

Sikuwahi kusema kwamba niliyefungua ni mimi. Wiki zilizofuata maji yalizidi kupungua, kwa sababu ya kiangazi, na wapo waliosema ni kwa sababu ya yule mwanamke wa Kilema. Mama alisikia. Mimi pia nilisikia, nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Wala sitaki kudanganya kwamba alipona siku ile. Kulikuwa na siku nyingi baadaye alizolala amegeukia ukuta. Tofauti ni kwamba zilikuwa na mwisho.

Jumamosi mjomba alikuja kutoka Kilema, amevaa viatu na kofia, uso umekaa kimsiba. Bibi alimpokea akamwonyesha upande wa chini, mama alikokuwa. Mimi nilimpeleka. Tulimsikia mama kabla ya kumwona. Alikuwa kwenye maharage ya Mama Eliamani, ana debe la maji kichwani aliloteka mtoni bondeni, safari ya sita au ya saba tangu alfajiri, anamwagia mstari mmoja mmoja kwa kibuyu. Alikuwa amekonda vibaya. Shingo ilimtetemeka alipolishusha lile debe. Na alikuwa akiimba, kwa chini, ule wimbo wenye maneno yake mapya.

Mjomba alisimama pale mpakani. Akamwambia amekuja kumchukua.

"Bado mistari minne, kaka," mama alisema. "Debe la pili lile pale."

Mjomba alimtazama, akatazama lile debe, kisha viatu vyake. Akakaa kwenye jiwe akavivua.

Alipoondoka jioni alikuwa peke yake, suruali imelowa mpaka magotini. Bibi ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, akamtwisha mkungu wa ndizi mzuri kuliko yote iliyokuwapo. Nilikuwa nyuma yao nikasikia alichomwambia wakiagana.

"Waambie kwenu hatujampoteza," bibi alisema. "Huyu ni wetu."